Mazungumzo ya Jamaa: Tazama Juu ya Mto



Mvua zimekwisha katika nchi ya Songwe. Nyasi zaanza kugeuka rangi, mahindi yamekauka mashambani yakingoja kuvunwa, na asubuhi ina baridi hata watoto huota moto kabla ya kunawa uso. Shule zikifungwa mwezi huu wa Juni, vijana wengi watatamani kushika fimbo na kifurushi cha chakula, washuke makorongoni kufuata mito chini ya kivuli cha miti mikubwa na kuyatazama maporomoko. Wazazi nao hujiuliza moyoni kama yafaa kuwaruhusu, maana si vijana wote waliokwenda mtoni waliorudi nyumbani.

Jibu letu ni hili: Waacheni waende, tena baba na mama, mkipata nafasi, fuataneni nao. Mtu asiyeijua nchi yake kwa miguu huijua nusu tu. Lakini kabla hawajavuka kizingiti wafundisheni neno moja, nalo ni kutazama juu ya mto. Ashukaye korongoni hutazama chini, mahali pa kukanyaga, au hutazama mbele, kwenye uzuri anaoutafuta. Walakini yale yatakayomwokoa au kumwangamiza yako nyuma yake, kule juu maji yanakotoka. Mwezi huu twataka kulieleza neno hilo, kwanza kwa ajili ya wasafiri, kisha kwa ajili yetu sisi tukaao karibu na chemchemi.

NCHI IGAWAYO MAJI

Wageni wengi huona kuwa Tunduma ni mji wa mpakani tu, mji wa malori na wa reli ya TAZARA iliyokabidhiwa kwa Tanzania na Zambia mwaka 1976. Wachache wajua ya kwamba hapo wanakanyaga mgongo wa paa. Mvua ikinyesha juu ya nyumba, maji hugawanyika penye mgongo wa paa, haya yakaenda mbele na yale nyuma. Ndivyo ilivyo katika nchi hii. Maji ya upande mmoja hushika njia ya mto Momba, yakaishia katika ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kuyatoa maji yake. Maji ya upande wa pili hushuka kwa mto Songwe mpaka ziwa Nyasa, kisha hupita Shire na Zambezi hata bahari ya Hindi. Na yale yaangukayo upande wa Zambia hufuata mto Chambeshi, hupita mabwawa ya Bangweulu, hatimaye yakaingia mto Kongo na bahari ya Atlantiki.

Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi kwa mapatano ya tarehe 1 Julai 1890, sehemu moja ya mpaka waliifuatisha mgawanyiko huo wa maji ya Kongo na maji mengine, nao ndio mpaka wa Tunduma hata leo. Basi mtoto wa Tunduma na asijidharau. Kwao ndiko mito mikubwa ya Afrika inakoachana.

Sasa tazameni vipimo. Tunduma na nyanda za Mbozi ziko juu ya bahari kwa mita 1,600 hivi. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi, na ziwa Nyasa halifiki mita 500. Zamani sana ardhi ilipasuka, sehemu zikadidimia na sehemu zikainuka, ndipo likatokea Bonde la Ufa. Na karibu na Mbeya mapande ya bonde hilo hukutana. Maji yatelemkayo mita nyingi namna hii katika safari fupi hayaendi kwa upole, bali huchimba. Hiyo ndiyo asili ya makorongo yetu.

Tena kuna jambo la majina. Mtu akikwambia, "Twende Songwe," muulize kwanza, "Songwe ipi?" Iko mito miwili yenye jina hilo. Mmoja hupita kati ya Mbeya na nyanda za Mbozi ukaenda Rukwa. Wa pili ni mpaka wa Ileje na Malawi, nao huenda Nyasa. Uko na uwanja wa ndege wa Songwe uliofunguliwa mwaka 2012, nao umo katika mkoa wa Mbeya. Kisha uko mkoa wa Songwe wenyewe, uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na makao yake ni Vwawa. Msafiri asiyeuliza aweza kushika njia nyingine kabisa.

SAFARI TATU ZIFAAZO

Ya kwanza ni Songwe ya Rukwa. Mtu atokaye Tunduma kwa barabara ya Mbeya huufikia mto huo kabla ya kuumaliza mwendo wa kilomita 100. Kando yake kuna chemchemi za maji ya moto, na mawe meupe ambayo maji hayo hayo yameyajenga. Maji hupanda kutoka chini yakiwa yameyeyusha chokaa. Yafikapo juu hupoteza hewa iliyomo ndani yake, na chokaa hugandamana tena ikawa jiwe. Mawe ya bonde hilo ndiyo yaliyovuta kiwanda cha saruji kijengwe pale. Huko pia kuna Pango la Popo. Aingiaye na awe na taa, asishike popo, wala asichezee mavi yao makavu, kwa kuwa vumbi lake laweza kuleta maradhi ya kifua.

Vijito vya bonde hilo la Rukwa ni kama mkono ufunguao kitabu, maana hukata udongo na kuonyesha yaliyofichwa. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza mifupa waliyoiona penye kijito cha Nsungwe, mifupa ya nyani na ya mnyama wa jamii ya sokwe walioishi miaka ipatayo milioni 25 iliyopita, wa zamani kupita wote wa jamii hizo waliojulikana mpaka wakati ule. Na mwaka 2017 walitangaza dinosaria mmoja kwa jina la Shingopana songwensis. Jina la kwanza ni Kiswahili chetu, na la pili ni Songwe yetu. Basi kijana akiona mfupa uliogeuka jiwe asiung'oe wala asiuuze. Na auache palepale, aweke alama, akawaarifu wakubwa wa mahali. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yavilinda vitu hivyo, na mfupa ulioondolewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake.

Ya pili ni mto Kiwira, ng'ambo ya Mbeya, katika wilaya ya Rungwe. Hapo pana Daraja la Mungu, tao la jiwe lililotokana na moto wa mlima; jiwe liliganda, na maji yakapata njia chini yake. Katika mto huo huo pana Kijungu, mahali ambapo maji huingia katika mwamba uliochimbika kama chungu, yakazunguka kwa nguvu nyingi. Ni mahali pazuri kwa macho, lakini pabaya kwa miguu, maana mwamba uliolowa huteleza kama sabuni. Tazameni mkiwa mbali na ukingo, na watoto washikwe mkono.

Ya tatu ni Kalambo, mbali upande wa magharibi, karibu na ziwa Tanganyika, nayo ni mpaka wa mkoa wa Rukwa na Zambia. Huko mto huanguka kwa mara moja zaidi ya mita 200, na chini yake ni korongo refu lenye magenge. Katika magenge hayo hujenga viota ndege aitwaye kongoti, wa jamii ya korongo. Hivyo msafiri huona korongo ndani ya korongo, na watoto watacheka.

Lakini iko ajabu nyingine kupita hiyo. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, yalionekana magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na watu wa kale, miaka ipatayo 476,000 iliyopita. Sote twajua jinsi mti uozavyo. Nguzo ya nyumba haimalizi hata maisha ya mwenyewe. Magogo yale yalisalia kwa sababu yalilala katika udongo uliolowa maji siku zote. Laiti maji yale yangalikauka, habari ile ingalipotea.

MAJI YASIYOPIGA HODI

Sasa twafika kwenye hatari. Wengi hudhani ya kuwa mto hujaa mbele ya macho ya mtu, mvua ikimnyeshea. Sivyo. Mvua yaweza kunyesha milimani, mbali nawe, na wewe korongoni waona mbingu safi na jua kali. Maji yale hukusanyika katika vijito kumi, vijito kumi huingia katika mkondo mmoja, na kuta za korongo huyabana yasiweze kutawanyika. Ndipo yanapokuja pamoja, wala hayapigi hodi. Kwa hiyo miezi ya Juni mpaka Oktoba ndiyo ifaayo safari hizi. Hata hivyo katika siku za kwanza za Juni mito mingi bado ina nguvu ya masika. Na tangu Novemba, mvua zianzapo, korongo jembamba si mahali pa matembezi.

Maji hutanguliza dalili zake, na mtoto wa miaka minane aweza kuzijifunza. Maji yaliyokuwa maangavu yakigeuka ghafula kuwa na rangi ya udongo, ondokeni. Majani na vijiti vikianza kuelea kwa wingi, ondokeni. Mkisikia mvumo kama wa lori mahali pasipo na barabara, msisimame kuulizana. Pandeni juu upande ule mlioko. Msifuate mizigo. Msivuke kwenda kwa wenzenu walioko ng'ambo. Nao pia wapande upande wao, mtaonana baadaye.

Tena msile chakula chenu juu ya kisiwa cha mchanga katikati ya mto, wala msilale hapo, hata kama ni pasafi na pana upepo. Mchanga ule uliletwa na nini? Ulioleta mchanga waweza kuuchukua tena.

Kama hapana budi kuvuka, msichague mahali pembamba kwa kuwa pafupi, maana hapo ndipo penye kina na nguvu. Chagueni mahali papana, pasipo na maporomoko wala magogo upande wa chini. Fungueni mikanda ya mizigo, ili mtu akianguka aweze kuuacha mzigo wake. Shikeni fimbo, mwelekee maji yanakotoka, mwende kwa upande hatua moja moja. Msijifunge kamba kiunoni, kwa kuwa aliyeanguka akifungwa na kamba hushikiliwa chini ya maji. Na jueni hesabu hii: mwendo wa maji ukizidi mara mbili, nguvu yake ya kumsukuma mtu huzidi mara nne. Maji yaendayo mbio, yakifika magotini tu, yatosha kumwangusha mtu mzima.

Wazee wetu husema, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Ni methali njema kwa kazi ya shamba, na kwa deni, na kwa ahadi. Lakini penye mto uliojaa haitumiki. Huko aliyekwisha kuvua nguo na azivae, arudi nyumbani, na mtu asimcheke. Baba akirudi mbele ya watoto wake kwa sababu ya maji, amewafundisha jambo ambalo hawatalisahau.

Na maji yaliyotulia yana hatari zake. Katika mabonde ya chini, kuelekea Rukwa, wamo mamba. Na katika maji yaendayo polepole chini ya jua kuna kichocho. Maji ya kunywa yachemsheni, hata kama kijito chaonekana safi kama kioo.

SHIKENI MWENYEJI

Mwaka 1879 Mwingereza mmoja aitwaye Keith Johnston alikuja kuongoza msafara kutoka Dar es Salaam kwenda katika maziwa. Akafa njiani, na kazi ikamwangukia kijana Joseph Thomson, mwenye umri wa miaka 21 tu. Msafara ule ulifika Nyasa, ukakata nyanda hizi zetu, ukafika Tanganyika. Je, kijana yule aliwezaje? Alikuwa naye Chuma, mkuu wa wapagazi, yule yule aliyekuwa miongoni mwa waliouchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani miaka michache kabla. Chuma alijua kusema na watu wa njiani, na kuuliza, na kusikiliza. Vitabu vina jina la Thomson. Njia ilikuwa na Chuma.

Basi nanyi shikeni mwenyeji. Mtu wa kijiji cha karibu ajua jiwe lipi hulegea, na kivuko kipi kimehama tangu masika. Mlipeni haki yake, tena mpatane kabla ya kutoka. Nyumbani mwachieni mtu habari ya njia mtakayoishika na saa ya kurudi, maana simu ya mkononi hukosa mtandao katikati ya magenge. Mwanzo wa safari ni alfajiri, na saa nane mchana ndipo pa kugeuka, hata kama hamjafika mlikokusudia.

SISI TULIO JUU

Mpaka hapa tumesema na ashukaye. Sasa twasema na akaaye juu, penye chanzo, naye ndiye wengi wetu.

Msitu ulio kando ya kijito una kazi nyingi. Majani huvunja nguvu ya matone, na mizizi hushika ukingo. Ardhi yenye majani yaliyooza hunywa mvua kama sifongo, kisha huitoa polepole mwaka mzima. Ukiukata, mvua ile ile hukimbia juu ya udongo mtupu kwa siku moja. Ndipo kijito kinapojaa ghafula mwezi wa Januari, na kukauka mwezi wa Septemba. Kijana aliyenaswa na maji korongoni na mama anayekwenda mbali na ndoo wakati wa kiangazi waweza kuwa wameumizwa na shoka moja.

Tazameni Songwe ya Nyasa. Vijito vya Ileje na vya Malawi humwaga maji na udongo ndani yake, na ufikapo tambarare za chini, kuelekea ziwani, mto huo umekuwa ukihama. Na kwa kuwa mto ndio mpaka, ukihama hutia shaka hata katika nchi ya mtu: shamba lililokuwa ng'ambo hii laonekana ng'ambo ile. Kwa sababu hiyo Tanzania na Malawi zilitia sahihi mwaka 2017 mkataba wa kuanzisha kamisheni ya pamoja ya bonde la mto Songwe. Serikali mbili zimekaa meza moja kwa ajili ya mto. Je, jirani wawili wa kijiji kimoja watashindwa?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu au zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Twajua jibu la wengi: "Bondeni ndipo penye unyevu, na wanangu wala mboga za bondeni wakati wa kiangazi." Neno hilo si la uvivu wala la ubishi, ni neno la njaa, nasi hatulidharau. Lakini bustani iliyolimwa mpaka midomoni mwa chemchemi hula mtaji wake yenyewe. Chemchemi ikifa, mboga nazo zimekwisha, za kwako na za jirani aliye chini. Afadhali kuisogeza bustani juu ya mpaka ule na kumwagilia kwa ndoo, kuliko kulima palepale miaka mitano na kuhama mwaka wa sita. Na mtu apandaye miti kando ya maji asipande mikaratusi, inywayo maji mengi mno. Na apande mikuyu, au mizambarau ya mwitu, au mikangazi, miti iliyozoea ukingo tangu zamani.

KAZI YA MWEZI HUU

Kabla vijana hawajakwenda Kalambo au Kiwira, twaomba kila nyumba ifanye safari moja fupi isiyo na nauli. Jumamosi moja asubuhi, baba na mama na watoto wakifuate kijito kile wanakochota maji, wapande nacho mpaka mahali kinapochimbuka. Wapime kutoka ukingoni hatua 80 za mtu mzima, ndizo mita 60 kwa kukadiria. Wahesabu miti iliyosimama na visiki vilivyobaki. Kisha wakutane na wenye mashamba ya pale, bila kelele wala mashtaka, waulizane nani atapanda, wapi, na lini, maana mvua za Novemba zi karibu kuliko tuonavyo, na miche hutaka kuoteshwa mapema.

Mtoto aliyekwisha kuiona chemchemi ya kwao hatahitaji kukumbushwa tena akiwa korongoni. Atakaposimama juu ya jiwe katikati ya mto, shingo yake yenyewe itageuka kutazama maji yanakotoka.

Safari njema, na kwaherini mpaka mwezi ujao.